Somo la Uani

Kitabu chetu cha kwanza kilikuwa nakala moja, na wasomaji tulikuwa kumi na mmoja. Kilikuwa *Nguzo Mama*, tamthilia ya Penina Muhando ya mwaka 1982, tuliyoipata kwa muuza vitabu vya mitumba anayetandaza chini kando ya barabara, jalada limeshikizwa kwa gundi. Tulikaa uani kwa mmoja wetu, Dar es Salaam, Jumamosi baada ya alasiri. Mikeka miwili, birika la chai ya rangi, sinia la kashata. Aliyeshika kitabu alisoma kwa sauti, wengine mikono ina kazi zake: huyu anasuka ukili, yule anachambua mchele. Anayechoka anampa jirani. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Kitabu kimoja hakisomwi kimyakimya na watu kumi na mmoja, basi.

Baadaye nimealikwa kwenye vikundi ambavyo kila mtu ana nakala yake, ameisoma nyumbani, anakuja na hoja zimepangwa. Sina ugomvi navyo. Ila nimeona kwamba aliyefika hajamaliza kitabu hukaa kimya mpaka mwisho, na mara nyingi huyo ndiye mwenye mtoto mchanga, au ndiye anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi sokoni. Pale uani hapakuwa na mtu ambaye hajasoma. Wote tulisoma pale pale.

Lugha yenyewe inalijua jambo hili. Somo ni funzo. Somo ni mtu mnayeitana naye jina moja. Na kwa watu wa pwani somo ni mwanamke anayekabidhiwa mwari amfunde, ampeleke mpaka siku ya arusi. Chuo, katika Kiswahili cha zamani, ni kitabu, na chuo hicho hicho ni mahali watoto wanakopelekwa kwa mwalimu. Kwa hiyo anaponiambia mtu kwamba wanawake kukusanyika na madaftari ni mambo ya kuletwa, huwa namuuliza Mwana Kupona amemweka wapi.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, katika kisiwa cha Pate. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alitunga utendi kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mwanzoni kabisa anamwita mtoto asogee karibu, aje na wino na karatasi. Huwa nasimama hapo kila mara. Mama yuko kitandani, binti ameketi na kalamu, neno linatoka kinywani kwa mmoja na kutua mkononi mwa mwingine. Wanawake wawili tu, na kikundi kimeshatimia. Baadaye mama akafariki. Utendi ukabaki mikononi mwa wanawake, wakiunakili kwa herufi za Kiarabu na kuuhifadhi kwa moyo.

Sasa hapo ndipo penye mwiba. Utendi huo unamfunza binti kumridhisha mume: kumtunza, kumlaza, kumkanda, kutotoka bila idhini yake. Tulipoufikia, mdogo wetu kuliko wote, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikataa kuusoma kwa sauti. "Mimi haya sitayatamka," alisema, akasukuma karatasi mbele. Palikuwa na ukimya. Kisha bibi mwenye nyumba, aliyekuwa anakuna nazi na ambaye tulidhani hasikilizi, akanyanyua kichwa. "Mwanangu, wewe unasikia mama anasema tii. Mimi namsikia mama anayejua anakufa, anamwacha mtoto wa kike katika nyumba za watu wenye nguvu. Anampa silaha aliyokuwa nayo."

Sikubaliani naye moja kwa moja mpaka leo. Silaha inayomfanya mtu aombe ruhusa ya kwenda mlangoni ni silaha ya ajabu. Lakini kikundi kilichonyamazisha lolote kati ya maneno yale mawili, la msichana au la bibi, kingekuwa kimekufa siku ile. Uani uliotulea ulikuwa na kungwi na siri za wanawake, na ulikuwa pia ndiyo shule ya kuvumilia. Anayeusifu kwa wema wake peke yake hajakaa ndani yake.

Historia ya karibu nayo ina mifano yake. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alitembeza vyungu kabla sauti yake haijamfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Hakupelekwa shule. Lakini wimbo wa Kijiti, unaosimulia kuuawa kwa mwanamke mgeni na jinsi muuaji alivyotoroka huku wanawake mashahidi wakitiwa hatiani, ulieneza kesi ile kuliko gazeti lolote ambalo wengi wasingeweza kulisoma. Ndiyo maana waandishi wa habari wanawake wa Tanzania, walioanzisha chama chao cha TAMWA mwaka 1987, walipotoa jarida lao waliliita *Sauti ya Siti*. Wangeweza kumtafuta mwanamke mwenye shahada. Wakamchagua muuza vyungu. Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ulioanza 1993, nao ulijenga mazoea ya semina za Jumatano pale Mabibo, ambako mhadhiri na mama wa mtaani wanakaa safu moja wakibishana juu ya bajeti ya maji.

Sisi hatukuwa na ofisi wala mfadhili. Tulikuwa na mchezo. Upatu ndio uliotuweka pamoja, na sioni haya kusema hivyo. Kila Jumamosi ya pili kila mtu anatoa hela yake, kijumbe anaandika, mmoja anapokea. Anayepokea ndiye anayechagua kitabu kinachofuata na ndiye anayepika, kama watu wanavyokula kikoa. Wapo waliokuja kwa ajili ya hela wakabaki kwa ajili ya hadithi, na wapo, tuseme kweli, walioaga nyumbani kwamba wanakwenda kwenye mchezo, kwa sababu mume anaelewa mchezo. Kusoma kungehitaji maelezo. Ufeministi ungehitaji kikao cha wazee. Neno hilo lilifika kwetu likiwa limeshapakwa matope, na kwa miezi mingi hatukulitamka. Tulisema tu "mambo yetu". Siku mmoja alipolitamka wazi, mwenzake akamwuliza, "Shoga, kwani tumekuwa tunafanya nini siku zote hizi?"

Ugomvi ulitupata, tena pabaya. Katika *Nguzo Mama* wanawake wa kijiji cha Patata wanaitwa kuisimamisha nguzo iliyolala. Kila mmoja ana lake. Huyu ana biashara, huyu ana pombe, huyu ana kinyongo, na nguzo haisimami. Tulikuwa tumefika katikati, tunacheka, tunawatambua majirani zetu mmoja mmoja, wakati zamu ya mwenzetu mmoja ya kupokea ilipokuta hela pungufu. Kijumbe alikuwa amejikopesha bila kuuliza. Mwanawe alikuwa amelazwa. Alidhani atarudisha kabla ya Jumamosi. Sauti zilipanda. Mtu alitaja ukoo wa mtu. Mama mmoja alikunja mkeka wake, akatoka, na kitabu kikatoka naye, maana kilikuwa ndani ya mkoba wake.

Majuma matano hatukukutana. Najua vikundi vingi vilivyokufa mahali kama hapo, na baadaye husemwa kwamba wanawake hawapendani. Upuuzi. Wanaume wakidhulumiana hela ya chama hakuna anayesema wanaume hawapendani. Wanaitwa wezi, chama kinaendelea. Kilichokosekana kwetu ni daftari la pili na mtu wa pili wa kuhesabu. Tulipokaa tena tuliweka hayo, tukaweka na mfuko mdogo wa dharura wa kukopa kwa uwazi, kijumbe akalipa kidogo kidogo akiwa bado kijumbe. Yule mama alirudi na kitabu, ukurasa mmoja una doa la mafuta ya taa. Akasema alikuwa amekwisha kukisoma mwenyewe mpaka mwisho, na kwamba waliobaki tusijisumbue, nguzo haisimami. Tulikisoma hivyo hivyo.

Daftari la pili ndilo lililotuingiza kwenye kuandika. Nusu yake ya mbele ni hesabu, na nusu ya nyuma, kwa kuligeuza, kila mmoja ana ukurasa wake. Sharti ni moja: asiyeandika anaandikiwa, na aliyeandika husoma alichoandika mbele ya mwenye maneno, neno kwa neno. Nimeona huko kurasa ambazo hakuna mchapishaji atakayezitaka, na mbili tatu ambazo ningezitaka mimi. Moja ni orodha ya vitu vilivyokuwamo kwenye sanduku la bibi arusi, na mbele ya kila kimoja, nani alikiuza na mwaka gani.

Bibi mwenye nyumba aliikwepa zamu yake mara tatu. Alikuwa amesoma darasa la ngumbaru miaka ya kisomo cha watu wazima, chini ya mwembe, na herufi zimemtoka. Mara ya nne alimkalisha mjukuu wake karibu, msichana wa darasa la sita, akaanza kusema huku macho yako kwenye jiko. Alisema juu ya ubao uliotundikwa mtini, juu ya mwalimu kijana aliyewaogopa wanafunzi wake, juu ya siku ya kwanza kuandika jina lake mwenyewe na kulifuta upesi kwa kiganja asije akaonekana. Alipomaliza mtoto akasoma: "Mwaka 1972 mume wangu aliniruhusu kwenda kisomo."

"Rudia hapo."

Mtoto akarudia.

"Hilo aliniruhusu, likate. Andika nilikwenda."