Jogoo wa Singida na Mpishi wa Runinga

Siku mbili baada ya kumaliza UE, mwenzangu wa geto alipigiwa simu na mama yake kutoka Singida. Kuna mzigo wake kwenye basi, akaupokee stendi ya Magufuli, Mbezi. Mzigo wenyewe ulikuwa jogoo mzima, ndani ya boksi lililotobolewa matundu, miguu imefungwa kwa kitambaa. Mama alimfuga mwenyewe, na alitaka mwanawe na wenzake wale kuku wa nyumbani baada ya wiki tatu za maharage na kukesha.

Tulikuwa watatu na kuku ni mmoja. Wenzangu walitaka achemshwe, aungwe nazi, yaishe. Mimi nikasema niachieni. Muhula mzima nilikuwa nimemaliza bando kwenye vipindi vya wapishi wa runinga wa Uingereza na Marekani, na kulikuwa na pishi moja la kuku nililolijua kwa moyo. Vipande vinakaushwa, vinatiwa chumvi, vinalazwa kwenye kikaango cha moto ngozi ikiwa chini, vinageuzwa, kisha siagi, kitunguu swaumu na limau. Dakika 30, kuku yuko mezani. Mpishi mwenyewe simtaji, maana kosa halikuwa lake.

Nilifuata kila hatua. Ngozi ikawa ya kahawia, harufu ikajaa korido nzima, jirani akachungulia. Nikapakua kwa mbwembwe. Mwenye kuku akauma paja, akavuta, akavuta tena. Akaliweka chini taratibu.

"Kaka," akasema, "huyu hatafuniki."

Naandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Wengi wetu tumeshachoma hela ya boom kwenye pishi la kwenye simu, tukaishia kununua chipsi. Tunamlaumu mpishi au tunajilaumu wenyewe, halafu tunaacha. Kumbe pishi la runinga linaweza kukubali hata kwenye geto, ila lazima ujue kitu gani hakionekani kwenye kioo.

Kuku wake si kuku wetu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani neno "kuku" lina maana moja. Kuku wa yule mpishi ni broila, ndege wa wiki chache tu aliyekaa bandani akila. Jogoo wa Singida alikuwa ametembea uani zaidi ya mwaka, amekimbizana na amepigana. Msuli unaofanya kazi sana una kolajeni nyingi, yaani zile tishu ngumu zinazoshikilia nyama, na kadiri mnyama anavyozeeka ndivyo zinavyozidi kujifunga. Kolajeni hailainiki kwa moto mkali wa haraka. Inataka maji, moto wa wastani na muda mrefu. Hapo ndipo inapogeuka jelatini, ule ulaini unaofanya mchuzi wa kuku wa kienyeji ugande kidogo ukilala. Dakika 30 za kikaango zilikamua maji ya nyama tu, kolajeni ikabaki vilevile.

Ndiyo maana nyumbani kuku wa kienyeji huchemshwa kwanza, kisha ndipo akaangwe au aungwe. Hatua hiyo nilikuwa nimeiona maisha yangu yote, nikadhani ni mazoea ya wazee.

Mikono usiyoiona

Kosa la pili ni la saa. Angalia tena kipindi chochote. Kitunguu kimeshamenywa, viungo vimeshapimwa kwenye vibakuli, sufuria ni safi. Nyuma ya kamera kuna watu waliofanya kazi hiyo, na mara nyingi wamepika chakula kilekile mapema, ili mpishi akiingiza sinia kwenye oveni atoe hapohapo jingine lililokwisha kuiva. Saa inaanza kuhesabiwa baada ya hayo yote. Mwaka 2010 Jamie Oliver alikuwa na kipindi Channel 4 cha kupika mlo mzima kwa dakika 30, na watu wengi waliojaribu nyumbani walilalamika kwamba wao walihitaji muda zaidi. Hao ni watu wenye maji jikoni na jiko la mafiga manne. Wewe una mtungi wa kilo 6 wenye figa moja juu, ndoo ya maji, na kisu ambacho mwenzako amekitumia kufungulia soda.

Vitunguu ndiyo mfano mzuri. Maelekezo yatakwambia ukaange mpaka viwe laini, vitamu na vya kahawia iliyokolea, halafu yataandika dakika 10. Haiwezekani. Kitunguu karibu chote ni maji, na mpaka maji hayo yatoke kwa moto mdogo bila kuungua, utakaa pale dakika 40 au zaidi. Usipolijua hilo utaongeza moto, vitaungua, utajiona huna kipaji.

Si wote waliozificha kasoro. Julia Child alianza kipindi chake cha mapishi ya Kifaransa huko Boston mwaka 1963, na kwa sehemu kubwa kilirekodiwa moja kwa moja bila kukatwakatwa. Siku moja alirusha chapati ya viazi ili aigeuze, nusu ikaangukia jikoni. Aliiokota, akairudisha kikaangoni, akaendelea kufundisha. Mtazamaji alipata somo ambalo video ya sekunde 60 haiwezi kumpa, kwamba pishi likiharibika unaendelea.

Moto na vipimo

Kosa la tatu wanalifanya hata wanaojua kupika. Nyama haipati rangi ya kahawia mpaka uso wake ufike joto la nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Maji, hapa Dar ambapo tuko usawa wa bahari, yanachemka kwa nyuzi 100 na hayapandi zaidi ya hapo. Kwa hiyo nyama yenye majimaji haitabadilika rangi mpaka maji yakauke. Mpishi anaposema kausha vipande na usivibananishe, hafanyi urembo. Ukijaza kikaango kidogo kwa vipande vya watu watatu, mvuke unakosa pa kutokea, moto unashuka, na kuku anachemka kwenye maji yake. Kaanga kwa awamu mbili au tatu.

Vipimo navyo vina mtego. Kikombe cha maelekezo ya Kimarekani ni mililita 240 hivi. Kile kikombe chako cha chai kinaweza kuwa kikubwa kuliko hapo, na keki haisamehi. Kijiko cha chakula ni mililita 15, cha chai ni 5. Ukiona oveni imeandikwa 350, hiyo ni Farenhaiti, sawa na nyuzi 177 za kwetu. Usikose usingizi kutafuta 350 kwenye oveni ya shangazi yako.

Yai lililonifundisha

Sasa nisije nikaonekana nawakataza kuangalia. Philip Harben alipoanza kupika BBC mwaka 1946, Uingereza ilikuwa bado kwenye mgao wa chakula, na mgao huo haukuisha mpaka 1954. Watu waliangalia mapishi huku kabati ziko tupu. Kuangalia pishi usiloweza kulinunua ni jambo la kawaida tangu mwanzo. Cha muhimu ni unachoondoka nacho.

Mimi niliondoka na mayai. Gordon Ramsay ana namna yake maarufu ya kuvuruga mayai. Anayapasulia kwenye sufuria ndogo isiyo na moto bado, anatia siagi, anabandika, anakoroga bila kuacha, anaepua, anakoroga, anabandika tena. Chumvi huja mwishoni, pamoja na kijiko cha krimu nzito iliyochachuka kidogo. Hiyo krimu sikuwahi kuiona duka la mtaani kwetu. Zamani ningeishia hapo.

Safari hii nilijiuliza: krimu inafanya kazi gani? Jibu liko kwenye yai. Protini za yai huanza kuganda kwenye nyuzi 60 na kitu, na ukipitiliza zinajikaza na kutema maji. Ndiyo maana anaepua na kubandika. Krimu ya baridi inaongeza ladha, lakini kazi yake kubwa ni kupoza yai lisiendelee kuiva ndani ya sufuria ya moto. Basi kijiko cha mtindi baridi kinatosha. Nilitumia mayai matatu, kijiko cha siagi ya kopo na mtindi wa paketi. Yakatoka laini, mazito, ya kupaka kwenye mkate. Wale wenzangu wawili sasa wananipangia zamu ya asubuhi, na sijui kama hiyo ni sifa au adhabu.

Tofauti ya jogoo na mayai ndiyo hoja yangu yote. Kwa jogoo nilinakili maelekezo. Kwa mayai niliuliza kila kitu kiko pale kwa kazi gani. Ukijua kazi, unaweza kubadilisha jina. Siki ya zabibu imewekwa kuleta ukali, tumia ndimu. Divai imewekwa kulegeza yale mabaki matamu yaliyoshika chini ya kikaango na kuleta uchachu, kwa hiyo maji kidogo na nyanya iliyosagwa vitakufikisha karibu. Lakini ukiona kitu ambacho kazi yake huwezi kuipata kwingine, tafuta pishi jingine. Na jaribu kwanza siku ya kawaida, kwa kiasi kidogo, kwa hela yako. Usifanye majaribio kwenye zawadi ya mtu.

Maana hilo ndilo lililoniuma usiku ule. Gesi ilikuwa imebaki kidogo na kuku hatafuniki. Nikashuka kwa mama mwenye nyumba, nikaomba jiko la mkaa. Akabonyeza kipande kimoja kwa kidole, akacheka kidogo, akanipa na mkaa wenyewe. Tukavirudisha vipande vyote sufuriani, maji, tangawizi, chumvi, mfuniko. Saa mbili baadaye nyama ilianza kuachia mfupa. Tukatia tui la nazi, tukala saa sita usiku na ugali, na hakuna aliyeongea mpaka sufuria ilipoisha.

Asubuhi mama akapiga. Mwenzangu akaweka spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jogoo mlimla?"

"Tumemla mama, alikuwa mtamu sana. Asante."

"Mlimchemsha muda gani?"

Mwenzangu akaniangalia. Nikaangalia chini.

"Muda mrefu, mama," akajibu. "Muda mrefu sana."