Goti likichakaa: Dawa huenda ikawa uzi mwembamba

HUENDA, msomaji, nyumbani kwako yuko mama au babu ambaye hushika ukuta kila anaposhuka ngazi, huku goti likilia kama bawaba kavu. Au ni wewe mwenyewe, mwanafunzi, uliyeumia uwanjani mwaka juzi na mpaka leo hukimbii kama zamani. Mara nyingi kilichoharibika hapo si mfupa bali ni gegedu.

Gegedu unalijua. Ukila kuku, ile sehemu nyeupe inayoteleza kwenye ncha ya mfupa ndiyo hiyo. Gotini mwako kazi yake ni kuzuia mifupa isisagane na kupunguza kishindo unapotembea.

Shida ni kwamba halina mishipa ya damu. Ngozi ikikatwa hupona kwa sababu damu huipelekea chakula na mahitaji ya ukarabati. Gegedu halina bahati hiyo. Mwaka 1743 daktari William Hunter wa London aliandika kwamba likishaharibika halirudi, na hadi leo madaktari wanahangaika nalo.

Mwaka 1994 madaktari wa Gothenburg, Sweden, walieleza jinsi walivyochukua seli za gegedu la mgonjwa mwenyewe, wakazizidisha maabarani na kuzirudisha gotini. Swali likabaki: seli hizo zishikwe na nini, ilhali goti hubeba mwili mzima?

Wengi wamejaribu haidrojeli. Usitishwe na jina. Ni kitu laini kilichojaa maji, mfano wa ile jeli wanayopenda watoto. Seli hustawi humo kwa kuwa chakula hupenya kwa urahisi. Lakini ikanyage uone! Hupasuka mara moja. Nayo ukiifanya ngumu, seli hubanwa na kushindwa kujenga gegedu jipya. Sasa ufanyeje?

Mfano wa gunia

Fikiria gunia la mahindi. Mahindi matupu ukiyakalia hutawanyika. Gunia tupu nalo hulala chini. Lakini lijaze, ulishone mdomo, kisha ulikalie: halibonyei ovyo. Mahindi yanataka kutanuka kandoni, nazo nyuzi za gunia zinakataa.

Mwaka 2015 wataalamu wa Utrecht, Uholanzi, pamoja na wenzao wa Australia na Ujerumani, walitangaza kwamba wamefanya jambo kama hilo. Waliyeyusha polikaprolaktoni, plastiki ambayo humong'onyoka polepole mwilini bila kudhuru. Wakitumia mashine inayoivuta kwa nguvu za umeme, walichora uzi mwembamba kuliko unywele, safu juu ya safu, hadi ukawa wavu. Wavu huo ulikuwa na nafasi tupu ya asilimia 93 hadi 98, kwa hivyo seli hazikukosa mahali pa kukaa. Kisha wakaujaza jeli iliyotokana na jelatini.

Jeli peke yake ilikuwa dhaifu. Wavu peke yake pia. Vilipoungana, ugumu uliongezeka hadi mara 54, ukakaribia ule wa gegedu halisi. Seli za binadamu zilizotiwa humo ziliendelea kuishi.

Je, uende hospitali kesho uitishe goti la aina hiyo? La hasha. Utafiti ungali unaendelea. Wataalamu wamefanya majaribio kwa farasi, na kukishikiza kiraka kisitoke mahali pake ndani ya kiungo kinachojikunja kutwa kucha kumewapa taabu. Kwa hivyo akija mtu kukuuzia dawa ya "kuotesha gegedu", shika pesa zako vizuri.

Kwa sasa, tunza ulilo nalo. Punguza uzito uliozidi, zoeza misuli ya mapaja, na goti likivimba mwone daktari mapema. Mafundi wa Utrecht wana uzi na jeli, lakini gegedu ulilozaliwa nalo bado hawajalipata.