Saa ya Kuvaa na Saa ya Kuweka

Saa ya mkono yenye thamani ina ladha mbili ambazo si lazima zikutane kwa mtu mmoja: ladha ya kuivaa na ladha ya kuikusanya. Mvaaji hutafuta ushahidi wa macho ya watu, ilhali mkusanyaji hutosheka na maarifa yake, hata saa ikiwa imefungiwa kabatini.

Homa Bay na Migori, ambako Wajaluo hawayaonei haya madaha wanayoyaita nyadhi, saa hununuliwa ipate kuonekana. Na ijapokuwa simu ya mfukoni yatosha kumjulisha mtu wakati, mkono utolewao kuamkiana arusini au matangani wataka pambo, na dhahabu ndilo pambo lisilohitaji kufasiriwa. Watu wa Nyatike, huko huko Migori, ambako dhahabu ya mgodi wa Macalder ilichimbwa tangu miaka ya 1930 na wachimbaji wadogo wangali wakiisaka, waijua thamani hiyo kwa mizani, gramu kwa gramu.

Lakini mizani hiyo mbele ya wakusanyaji haina kazi. Mwezi wa Novemba 2019, mjini Geneva, saa moja ya Patek Philippe ilinadiwa kwa ajili ya hisani ikafikia faranga milioni 31 za Uswisi, nayo haikuwa ya dhahabu bali ya chuma cha pua; ilitamaniwa kwa kuwa aina hiyo ilikuwa haijapata kutengenezwa kwa chuma. Kadhalika hutafutwa kwa ghera saa ambazo Sultani Qaboos wa Oman aliwatunukia watu, zenye nembo ya jambia usoni.

Hata hivyo, saa haiachani kabisa na mkono. Ile ijijazayo yenyewe hupata nguvu kwa mwendo wa mkono, kwani mna ndani yake kipande cha madini kizungukacho na kuikaza kamani. Ikiwekwa siku mbili tatu, aghalabu husimama. Na thamani nayo mara nyingi huzaliwa mkononi: Rolex aliyoivaa mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17, nayo pia ilikuwa ya chuma. Mkusanyaji, basi, hutegemea kwamba yuko aliyevaa kabla yake; bali mvaaji wa Homa Bay hamtegemei mkusanyaji, maana hata saa yake ikijaa mikwaruzo isipate mnunuzi, faida yake atakuwa amekwisha kuila.