Guangzhou: viza yako njo inasema wewe ni nani

Wazee wetu waliisikia China kwanza kwa radio, wakati Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Leo radio haihitajike tena. Lubumbashi, Likasi, Bukavu ao Butembo, kila kartiye iko na mutu wake kule: mutoto wa jirani anayesoma, mama anayeenda kuchukua vitambaa na viatu, mujomba aliyesema anaenda kwa miezi mitatu na sasa ni mwaka wa sita. Na mutu akikuambia "niko China", mara mingi anataka kusema Guangzhou, muji mukubwa wa jimbo la Guangdong, kusini ya inchi, wenye wakaaji zaidi ya milioni 18.

Juu ya Wachina wanaokuja kutumika kwetu, Kolwezi na kwingine, watu wanasema kila siku. Juu ya Mukongomani anayehamia kwao wanasema kidogo, na wakisema ni habari ya magorofa, treni za mbio na taa za usiku. Picha hizo kila mutu anazo kwa telefone. Sisi leo tunataka kusema juu ya karatasi. Njo zinaamua mutu atalala wapi, atatumika nini na atarudia lini, na njo kitu chenye familia iliyobaki hapa haikione.

Xiaobei, kwenye Kiswahili kinasaidia

Waafrika walianza kuwa wengi Guangzhou mwisho wa miaka ya 1990. Wengine walikuwa wakifanya biashara Bangkok ao Jakarta; shida kubwa ya feza ya mwaka 1997 iliharibu masoko ya kule, wakasogea China. Mwaka 2001 China iliingia katika Shirika la Biashara la Dunia, na viwanda vya Guangdong vikafungukia kila mutu mwenye dola mukononi. Muji wenyewe ulikuwa umezoea wageni wa biashara: foire yake kubwa inafanyika tangu mwaka 1957, mara mbili kwa mwaka, mwezi wa 4 na mwezi wa 10.

Watu wetu walijipanga zaidi fasi mbili, Sanyuanli na Xiaobei. Xiaobei iko kwa laini ya 5 ya metro. Kule utakuta Waislamu wa China wenye restora za nyama halali, Waarabu, Wamali, Wanigeria. Utakuta tena Watanzania na Wakenya, na hapo mutu wa Bukavu anapumua: Kiswahili chake kinaanza kumusaidia hata mbele hajajua kusema "asante" kwa Kichina. Kwa mutu aliyeshuka kwa ndege jana, hilo si jambo dogo.

Lakini tusichanganye watu wawili. Mufanyabiashara mwenyewe haendi kuishi. Anafika, analala hoteli wiki mbili ao tatu, anazunguka masoko na viwanda, analipa, anapakiza, anarudia. Vitu vyake vinaingia katika kontena, mara mingi amechangia na wengine na kulipa kwa mita kube, vinapita bahari mpaka Dar es Salaam ao Mombasa, kisha kwa lori mpaka Kasumbalesa ao Kasindi. Anayeishi Guangzhou ni mwingine: ni yule aliyemupokea kwa kiwanja cha ndege, anayejua kiwanda gani kinadanganya, anayesimama mbele ya kontena na kuhesabu makartoni, anayekamata komisio yake. Bila yeye, mama wa Lubumbashi anaweza kulipa pea elfu moja za viatu na kupokea za mukono wa kushoto tu. Kazi yake iko na faida ya kweli. Ila mara mingi pasipoti yake haisemi kama anafanya kazi hiyo.

Herufi moja

Kwa viza ya China kunaandikwa herufi. L ni ya kutembea. M ni ya biashara, kuja kununua na kurudia. X ni ya masomo. Z ni ya kazi, na inaombwa mbele ya kusafiri, muajiri akiwa amekwisha kupata ruhusa. Q ni ya kufuata jamaa ambao ni raia wa China. Mwenye X1 (masomo ya siku zaidi ya 180) ao Z anapewa siku 30 tangu kuingia ili aombe karatasi ya kukaa. Zikipita, viza ile nzuri haina tena kazi.

Sheria inayotawala haya yote ilianza kutumika tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 2013, na watu wengi wanaoondoka hapa hawajawahi kuisikia. Inasema mugeni asiyelala hoteli aandikishwe kwa polisi ya kartiye ndani ya masaa 24. Hata akilala kwa ndugu yake wa tumbo moja. Akihama nyumba, ni kuandikishwa tena. Asipofanya hivyo, amande inaweza kufika yuan 2.000. Mugeni yeyote mwenye miaka 16 na zaidi anapaswa kutembea na pasipoti. Polisi wanaweza kuiomba njiani, dukani, ndani ya nyumba. Na akipitisha tarehe, hesabu ni yuan 500 kwa kila siku, mpaka 10.000, ao kufungwa siku 5 mpaka 15. Kisha anaweza kufukuzwa katika inchi.

Kwetu, karatasi ikikosa, mutu anajua namna ya kukaa chini na mwenye biro na kuongea. Kule usitegemee maneno. Ordinatere inahesabu siku, na yenyewe haina mujomba.

Hatari kubwa, kwa maoni yetu, haiko hata kwa wale wanaopitisha tarehe. Iko kwa wanafunzi. Tuchukue mutoto aliyepata nafasi katika univerisite ya Guangzhou. Anapewa viza ya X, mwaka wa kwanza wote ni wa kujifunza Kichina. Hajamaliza miezi miwili, simu zinaanza. Mama mudogo anataka mashini tatu za kusaga. Kaka anauliza beyi ya telefone. Rafiki ya baba anafika kesho, amupokee, amutembeze masokoni siku kumi, "wewe si uko pale?" Kila mutu anaona ni msaada mudogo wa jamaa. Mutoto anapewa komisio, anaona ni feza nzuri kuliko ile anayopokea kwa masomo, anaacha darasa siku mbili kwa wiki, kisha tatu.

Mbele ya sheria, yeye anatumika bila ruhusa. Mwanafunzi anaweza kutumika inje ya shule ikiwa shule na biro ya wageni vimekubali. Bila hiyo ni kosa, na amande inaanzia yuan 5.000 kufika 20.000, na jambo likiwa zito ni kufungwa. Tena kuna njia ya pili ya kupoteza: shule inahesabu siku za kukosa. Ikimufukuza, viza ya masomo inakufa pamoja na masomo. Mashini za kusaga zitafika Likasi salama. Mutoto atarudia bila diplome, na pale nyumbani watu watasema alikuwa muvivu.

Wazazi, muulize mutoto herufi gani iko katika pasipoti yake mbele ya kumutuma sokoni. Na anayeuzisha parsele ili alipe tikiti ya mutu aende "kujitafuta" na viza ya M, ajue ananunua wiki chache, hanunui maisha.

Siku za kwanza

Maisha yenyewe, karatasi zikiwa sawa, si magumu namna watu wanafikiri. Nyumba inaombwa na garanti, neno ambalo hatuhitaji kulifasiria musomaji wetu: mara mingi miezi miwili ya garanti na mwezi mumoja wa kulipa mbele. Kuna wenye nyumba wanaokataa mutu mweusi, wanasema hivyo bila haya, na kuna wengine wanaokubali na kumwita mutoto wao. Metro ni ya mbio na safi. Usiku mwanamuke anatembea peke yake bila kuangalia nyuma. Karibu wote waliorudia wanataja hilo.

Feza za karatasi hazionekane sana. Hata muuza mayai iko na kile kipande cha kartoni chenye alama nyeusi na nyeupe, unakipiga na telefone, imekwisha. Sisi tuliozoea M-Pesa na Airtel Money hatushangae. Zamani bila konti ya banki ya China ulikuwa umekwama. Tangu mwaka 2023 mugeni anaweza kuunganisha karti ya Visa ao Mastercard ya kwao na Alipay ao WeChat. Kinachosumbua ni WhatsApp: imefungwa, sawasawa na Facebook na Google. Kwa hiyo familia ijifunze WeChat mbele mutu hajaondoka. Na ijue masaa: ikiwa saa mbili ya usiku Lubumbashi, kule ni saa nane ya usiku. Mutoto asiyejibu hajawasahau, analala.

Lugha inaogopesha, lakini sisi tuko na bahati yenye Wazungu hawana. Kichina kinapandisha na kushusha sauti, na mutu aliyekua na Kiluba ao Kinande, sikio lake linajua mambo hayo. Neno la kuanzia kwa mufanyabiashara ni "mai". Sauti ikishuka na kupanda, ni kununua. Ikianguka tu, ni kuuzisha. (Maji ya kunywa, hiyo ni neno lingine kabisa, usiombe "mai" kwa restora.) Shida ni kwamba ukimaliza kujifunza Kichina cha shuleni, utakuta wenyeji wa Guangzhou wanaongea kati yao Kikantoni, chenye sauti sita.

Chakula? Hapo wengi wanashangaa kwa furaha. Soko ya kartiye, kwa mama wa Kichina aliyechuchumaa na mafungu yake, utakuta matembele. Matembele yenyewe, majani ya viazi vitamu, watu wa Guangdong wanayakaanga na kitunguu saumu. Utakuta lengalenga, utakuta dongodongo. Unga wa bukari unautafuta kwa maduka ya Waafrika kule Xiaobei. Kinachochosha zaidi ni hewa: kati ya mwezi wa 2 na wa 4 kuna majuma ambapo kuta zinatoa maji, sakafu inateleza, na nguo zilizoanikwa hazikauke.

Siku ya Yenga Wakatoliki wanaenda kwa kanisa kubwa la mawe lililojengwa na Wafaransa kati ya 1863 na 1888. Misa ya Kiingereza ya kisha mchana inajaa Waafrika. Lakini kikundi cha sala ndani ya nyumba, ile ya kwetu ya usiku kucha na ngoma, sheria haiikubali bila ruhusa. Wachungaji wanaoota kufungua kanisa kule wafikiri mara mbili.

Karatasi nzuri haitoshe

Tuseme wazi jambo lingine. Mwezi wa 4 mwaka 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walifukuzwa katika nyumba na hoteli, hata wale wenye viza ya kweli na nyumba iliyolipwa. Wengine walilala inje, chini ya madaraja. Mabalozi wa Afrika waliandikia Wizara ya Mambo ya Inje ya China wakilalamika. Wakati ule serikali ya muji ilisema Waafrika walio kule ni zaidi kidogo ya 4.500, miaka ya mbele walikuwa wengi kupita hapo. Kwa Mukongomani, ubalozi wetu uko Beijing, kilometa karibu 2.300. Treni ya mbio inazimaliza kwa masaa nane hivi, ukiwa na feza ya tikiti na mwenye hoteli anayekubali kukufungulia.

Hata hivyo kuna waliobaki, na kati yao kuna waliooa. Mutu akioa mwanamuke wa Guangzhou, anapata haki ya kukaa na familia, lakini haki hiyo peke yake haimupe ruhusa ya kutumika. Kwa kuomba ukaaji wa kudumu, ndoa iwe imefikisha miaka mitano, naye awe ameishi China miaka hiyo mitano, kila mwaka miezi tisa kwa uchache. Wafanyabiashara wenye kwenda na kurudia wanashindwa hapo hapo.

Kisha mutoto anazaliwa. Sheria ya China inasema mutoto aliyezaliwa kule na muzazi mumoja Muchina ni Muchina, na haitambue uraia wa pili. Katiba yetu, katika artikle ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mumoja na hauchangiwe na mwingine. Kwa hiyo baba na mama wanakaa mezani na kuamua. Wakimuandikisha Muchina, atasoma shule ya serikali karibu na nyumba, ataongea Kikantoni na nyanya yake wa pale, na siku baba atataka kumupeleka Likasi akaone nyanya yake wa huku, itabidi amuombee viza ya Kongo. Wakimufanya Mukongomani, ataomba karatasi ya kukaa katika muji alipozaliwa, na kuirudilia kila inapoisha.