Muuguzi Akinuna, Tuulize Kwa Nini

Baba na mama mliokimbia vijiji, na ninyi wakubwa wa mitaa, leo tuzungumze juu ya muuguzi wa kituo cha afya.

Mnafika usiku na mtoto mwenye homa. Muuguzi anatoka amenuna, anaomba franka kabla ya kumgusa mgonjwa. Mnasema: huyu anatuchukia sisi wakimbizi. Pengine ni kweli, sitamtetea kila mtu. Lakini mjue kwanza anakula wapi.

Mfanyakazi wa afya wa serikali anaweza kupata pesa kwa njia tatu: mshahara, prime ya hatari inayotoka pia serikalini, na prime ya pale kituoni, inayogawanywa kutoka malipo ya wagonjwa. Wengi, zaidi sana mbali na mji, wanafanya kazi miaka bila mshahara, kwa sababu jina halijaingizwa katika orodha ya malipo huko Kinshasa. Basi wanaishi kwa mfuko wa mgonjwa. Watu waliokimbia wakija wengi, bila kitu mkononi, kazi inaongezeka na pesa ya kituo haiongezeki. Uchungu unaanzia hapo, na mara nyingi unaitwa ukabila.

Katiba ya 2006, kifungu cha 36, inataka mfanyakazi alipwe kwa haki na kwa kutosha. Kifungu cha 47 kinalinda haki ya afya. Deni la mshahara ni la serikali, si la mama mwenye mtoto mgonjwa.

Pesa si yote. Anayelala zamu peke yake, anayetukanwa na mkubwa wake mbele ya wagonjwa, anayeona bunduki ikiingia wodini, hata akilipwa atatafuta njia ya Kisangani. Mikataba ya Geneva ya 1949 inawalinda wagonjwa na wanaowatunza. Wakubwa, bunduki ibaki nje ya mlango.

Kila eneo la afya linapaswa kuwa na komite ya wananchi, CODESA. Ombeni wakimbizi wawe na mtu humo. Ombeni bei zibandikwe ukutani, na komite isomewe pesa iliyoingia na ilivyogawanywa. Muuguzi naye apewe nafasi aseme yake. Shida ikizidi kituo, andikieni daktari mkuu wa zoni ya afya. Watu wa Opienge wana zoni yao. Barua iwe na tarehe, na nakala moja ibaki kwenu.