Fungu ni Mia Tano, Nyanya Ni Ngapi?

Jumamosi moja ya mwezi wa nne nilimtuma binti yangu kwenye genge la jirani, hapa Tabata, akalete nyanya za mia tano. Alirudi na nyanya nne, moja imepasuka. Nikamuuliza kama mama wa genge amepandisha bei. "Hajapandisha, mama. Fungu bado mia tano." Na alisema kweli. Mwezi wa tisa fungu lilikuwa mia tano vilevile, ila siku zile lilikuwa na nyanya saba.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nanunua mboga bila kupiga hesabu. Nyanya zile nne ndizo zilizonifumbua macho. Kwenye mbogamboga za Dar es Salaam bei inaweza kukaa palepale mwaka mzima. Kinachopanda na kushuka ni kipimo. Mnunuzi anayeuliza "shilingi ngapi?" peke yake ameuliza nusu ya swali.

Nikanunua mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya ndoano wanayopimia samaki, nikaanza kupima kila kinachoingia jikoni. Nyanya nne zilikuwa na gramu 240. Ukigawanya, kilo moja inakaribia shilingi 2,100. Wiki iliyofuata nilipanda daladala mpaka soko la Buguruni, nikanunua sado moja ya nyanya kwa shilingi 3,500. Sado, kwa asiyeijua, ni lile kopo la rangi la lita 4, na sado 5 zinajaza debe. Yangu ilitoa kilo 2 na nusu, yaani shilingi 1,400 kwa kilo. Nyanya hizohizo kwa mafungu ya genge zingenigharimu kama 5,200. Kwa hiyo niliokoa 1,700. Nikatoa nauli ya kwenda na kurudi, 1,200. Mkononi ikabaki mia tano na ushee, kwa asubuhi nzima ya jua na msongamano.

Nawaeleza hesabu hiyo mpaka mwisho kwa sababu wengi huishia katikati. Wanasikia sokoni ni rahisi, wanafunga safari kwa ajili ya sado moja, na nauli inakula faida yote. Soko la jumla linamlipa anayenunua vingi. Ndiyo maana sasa tunakwenda kwa zamu, nyumba nne za uchochoro wetu. Kila Jumamosi mmoja anakusanya fedha na orodha, anakwenda na viroba vyake, anarudi na bajaji. Nauli tunaigawa kwa wanne, na tukichanga tunaweza kununua tenga zima la nyanya badala ya sado.

Tenga lina mambo yake. Nyanya nyingi tunazokula hapa zinatoka Iringa, hasa Ilula, zaidi ya kilomita 400 za barabara, na njiani gari linateremka mlima Kitonga. Za chini zinabeba uzito wa za juu safari nzima. Muuzaji naye anapanga ngumu na nyekundu juu, upande wa macho ya mteja. Mwombe amimine nusu ya tenga kwenye turubai kabla hujalipa. Anayejua mzigo wake ni mzuri hamimini kwa kinyongo. Na sado uingize mkono ndani uguse kitako chake. Niliwahi kupimiwa kwa kopo lililobonyezwa kitako likaingia ndani kama sahani iliyopinduliwa. Juu lilifanya mlima wa kupendeza, lakini nyumbani mizani ikasema kilo 2 kasoro. Ni dhuluma ileile anayofanyiwa mkulima kwa lumbesa, gunia linaloshonewa kofia ya wavu ili lizidi ujazo wake. Lumbesa imekatazwa na Wakala wa Vipimo hukagua, ila kopo lililobonyea sijaona mtu akilishughulikia.

Msimu ndio msaada mkubwa kuliko ujanja wowote wa kupatana bei. Masika nyanya hushambuliwa na baka jani shambani, na barabara za vijijini huharibika, ndipo fungu linapobaki na nyanya nne. Miezi hiyo mimi napunguza nyanya, natia ukwaju au embe bichi kwenye mchuzi, na nguvu naipeleka kwenye majani, maana mvua ileile inayoua nyanya inastawisha matembele na majani ya maboga. Maembe ya pwani yanajaa kuanzia Novemba mpaka Januari. Bolibo na dodo zinakuwa rahisi kuliko soda. Katikati ya mwaka ni zamu ya machungwa ya Muheza. Hapo watu wengi wanakosea, wanalikataa chungwa kwa sababu ni la kijani. Ganda la chungwa hugeuka rangi kwa baridi ya usiku, na pwani yetu haina baridi hiyo, kwa hiyo chungwa linaiva tamu likiwa bado kijani. Lipime kwa kiganja: zito kwa umbo lake, ganda laini na jembamba, hilo lina maji.

Usizipite nyanya masalo, zile zilizoiva kupita kiasi au kubonyea, zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Zikiwa zimebonyea tu, naziosha, nachemsha, nasaga, kisha naacha ziive mpaka rojo lishike mwiko. Naweka kwenye makopo madogo ndani ya friza, na kopo moja linatosha mchuzi mmoja. Yenye ukungu naitupa nzima, simegi upande mmoja.

Kwa mchicha, urahisi pekee usikutoshe. Uliza umetoka wapi. Watafiti wamekuta madini mazito, risasi ikiwamo, kwenye mboga zinazolimwa bonde la Msimbazi, na madini hayo hayatoki kwa kuosha mara tatu wala kwa maji ya chumvi. Muuzaji wangu anajua shamba la mchicha wake na ananitajia bila kusita. Asiyejua, namuaga kwa heshima nasogea meza ya pili.

Baada ya kusema yote hayo, sijaliacha genge, na sitaki msomaji aliache. Mama yule ananiandika kwenye daftari lake tarehe 20 mshahara ukiwa umekauka, na hakuna tenga la Buguruni linalokopeshwa. Anauza kitunguu kimoja kwa mwenye haja ya kitunguu kimoja. Faida yake ni ya haki. Jioni, saa kumi na mbili hivi, mwenyewe anapunguza bei ya mchicha, kwa kuwa kesho utakuwa wa njano. Hapo nanunua mafungu mawili, na simbani zaidi ya alivyojipunguzia. Kuna watu wanamkaba mama wa mchicha kwa mia mbili, kisha wanalipa bila swali dukani kwenye kiyoyozi. Hilo linaniuma.

Kwa nini nahangaika hivi? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku, na viazi na mihogo havimo kwenye hesabu hiyo. Nyumbani tuko sita, ni kilo 2.4. Kabla ya mizani nilidhani tunakula vizuri kwa kuwa sufuria ya mboga haikukosekana mezani. Nilipopima kwa wiki moja, tulikuwa hatufiki hata nusu. Leo, kwa elfu tatu ileile kwa siku, tunakaribia kufika wakati wa msimu, na masika tunapungukiwa kidogo. Kisamvu ndicho kinachotubeba masika, kikitwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu ili sumu yake itoke, kikaungwa kwa karanga.

Ombi langu ni moja, na nalipeleka kwa kamati za masoko yetu: wekeni mizani ya umma mlangoni, iliyokaguliwa, mtu apime mzigo wake bure kabla hajatoka. Muuzaji mwaminifu hatapoteza kitu. Na wewe msomaji, ukitumwa nyanya za mia tano kesho, zihesabu, na uandike idadi yake.