Kubashiri Umbo la Protini: Mafanikio, Vikwazo na Mfano wa Selimundu

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tarakilishi inavyotumiwa kubashiri umbo la protini, na kwa nini mafanikio yake hayajaondoa haja ya maabara.

Protini ni mnyororo wa asidi amino za aina 20, zilizopangwa kama herufi katika neno. Mnyororo huo hujikunja, na umbo linalopatikana ndilo huiwezesha protini kufanya kazi yake. Majaribio ya Christian Anfinsen, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1972, yalionyesha kuwa mpangilio wa asidi hizo watosha kuelekeza mkunjo. Hata hivyo, mwaka 1969 Cyrus Levinthal alikuwa amebainisha kuwa namna za kujikunja ni nyingi mno, hata haiwezekani kuzijaribu moja moja.

Tangu mwaka 1994 wataalamu hupimana katika shindano la CASP: hupewa mpangilio wa protini ambazo maumbo yake hayajatangazwa, kisha hubashiri. Mwaka 2020 programu ya AlphaFold ilipata matokeo yaliyokaribia sana yale ya maabara. Ilijifunza kutokana na maumbo yaliyokwisha kupimwa, na hulinganisha protini za ukoo mmoja katika viumbe mbalimbali, mithili ya mwanaisimu alinganishaye lugha za Kibantu. Kufikia mwaka 2022 maumbo zaidi ya milioni 200 yalikuwa yamewekwa katika hifadhi isiyolipiwa, kwa msomaji wa Bukavu sawasawa na wa London, mradi awe na intaneti.

Vikwazo vingalipo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa nchi wanakozaliwa watoto wengi zaidi wenye selimundu. Chanzo chake ni badiliko moja: katika mnyororo wa beta wa himoglobini, wenye asidi amino 146, valini hukaa nafasi ya 6 badala ya asidi glutamiki. Mwanasarufi akitazama umbo pekee ataona kuwa *pata* na *kata* yameundwa sawa. Tofauti ya maana hudhihirika katika matumizi. Vivyo hivyo, himoglobini ya selimundu hukunjika karibu sawa na ya kawaida. Madhara hutokea pale molekuli nyingi zinapopungukiwa na oksijeni, zikashikamana kuwa nyuzi ndefu na kuipinda seli nyekundu ya damu. Umbo la molekuli moja iliyotulia halionyeshi tukio hilo.

Kwa hiyo mtoto mgonjwa hutambuliwa kwa kupimwa damu, si kwa kubashiri umbo. David Baker, Demis Hassabis na John Jumper walistahili Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2024; lakini picha ya protini ni mwanzo wa uchunguzi, wala si tiba.